UZI: Kuonja bia za viwanda vidogo, tamashani na kwenye baa za viwandani. Ukitaka kumjua mpika bia, omba bia yake nyepesi kuliko zote

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Naishi Denver, Colorado. Kila msimu wa vuli mji huu unapokea wapika bia kutoka pande zote za Marekani kwa ajili ya tamasha lao kubwa, Great American Beer Festival, na mimi napokea wageni: ndugu wa Texas, marafiki wa Minnesota, safari nyingine mtu katoka Arusha moja kwa moja. Maswali yao hayabadiliki. Nianzie wapi? Bia nzuri nitaijuaje? Mbona hii ina ladha ya siki? Nimeamua kuyajibu hapa kwa kirefu, mwenye kuhitaji ayakute.

Msimamo wangu nautanguliza, anayetaka kupinga karibu. Tamasha ni la kutafutia bia. Kuzipima ni kazi ya siku nyingine, kwenye baa ya kiwandani, mchana ambao hakuna watu wengi, na bia ya kupimia ni ile nyepesi kuliko zote anazopika mwenye kiwanda. Nawaona watu wakitoka tamashani wameshaamua nani bingwa na nani hajui kazi, kwa kuonja vijiko viwili vya kila mmoja. Wanawadhulumu wapika bia wazuri sana.

Historia kwa ufupi, maana bila hiyo tamasha halieleweki. Marufuku ya pombe ilipofutwa Marekani mwaka 1933, sheria ya shirikisho iliruhusu watu kutengeneza mvinyo nyumbani, bia ikaachwa nje. Ikabaki hivyo hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyofungua mlango. Mwaka huohuo, Boulder, mwendo wa nusu saa na ushee kutoka hapa nilipo, Charlie Papazian, mtu aliyesomea uhandisi wa nyuklia na kuishia kufundisha majirani kupika bia jikoni, akaanzisha na mwenzake Charlie Matzen chama cha wapika bia wa nyumbani. Mwaka 1982 akaandaa tamasha la kwanza kwenye hoteli moja palepale Boulder: viwanda 24, bia 47, watu kama 800. Miaka miwili baadaye likahamia Denver. Kabla ya korona lilikuwa linavuta watu kama 60,000 kwa siku 3. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia nchi nzima havikufika 100. Leo vimezidi 9,000. Wengi wa waliofungua viwanda hivyo walianzia kwenye sufuria za nyumbani, na ndiyo maana ukimuuliza mpika bia swali la kazi yake, anakujibu kwa furaha mpaka foleni inanung'unika.

Sasa tamasha lenyewe. Unalipa kiingilio mara moja, unapewa kikombe kidogo, ndani hulipi tena. Kila ukikinga kikombe unamiminiwa aunsi 1, yaani kama mililita 30. Ukumbi ni mkubwa, meza haziishi, kelele ni za uwanja wa mpira. Mtu akiangusha kikombe ukumbi mzima unapiga ukelele kwa pamoja. Usishtuke, ndiyo mila yao. Wengine utawaona wamevaa mikufu ya pretzel shingoni, wanatafuna kati ya kikombe na kikombe. Igeni hiyo. Kitu kikavu cha unga kinasafisha ulimi na tumbo halibaki tupu.

Udogo wa kikombe unadanganya. Tupige hesabu. Vikombe 30 vya bia ya asilimia 8 ni kama mililita 890, na kilevi halisi ndani yake ni kama mililita 71. Chupa ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kilevi mililita 25. Maana yake umemaliza karibu chupa kubwa 3 bila kuona hata chupa moja mezani, na ukiacha mguu ukuongoze, vikombe 30 vinafika mapema sana. Kumbukeni Kilimanjaro ina asilimia 4.5 na Tusker 4.2. Pale ndani bia za 9, 10 na 12 ziko kila kona.

Kwa nini nasema tamasha linapotosha? Ulimi na pua vina kikomo. Uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu na harufu, hauondoki kati ya kikombe na kikombe, unajilimbikiza. Ukionja IPA, zile bia zenye hopsi tele, tatu mfululizo, bia ya nne yenye uchungu wa kawaida utaiona maji. Pua nayo inazoea: harufu uliyokaa nayo kwa dakika kadhaa inafifia kwako ingawa bado ipo. Hapo bia inayokumbukwa ni ile yenye nguvu. Stauti, yaani bia nyeusi, iliyolazwa kwenye pipa la wiski, imejaa vanila na chokoleti, asilimia 12, itakushika hata ukiwa umechoka. Bia chachu ya matunda vilevile. Lakini pilsna safi, laga ya rangi ya dhahabu, ya asilimia 5, ambayo utamu wa kimea unakuja taratibu, uchungu unafuata, kisha mdomo unabaki mkavu na unataka tena, hiyo inahitaji glasi nzima ndipo ujue aliyeipika ni nani. Ndiyo maana foleni ndefu ziko kwenye bia za mapipa ya wiski, na mpika laga amesimama na jagi lake anaongea na jirani. Nendeni kwa huyo mwenye jagi.

Na waandaaji wenyewe wanalijua hili. Medali hazitolewi kwa kuonja katikati ya umati. Majaji hukaa mapema, makundi madogo, chumba kimetulia, glasi hazina majina, bia za aina moja zinawekwa pamoja. Kwenye mashindano ya wapika bia wa nyumbani kuna majaji wa BJCP, programu ya kuwapima na kuwathibitisha majaji wa bia iliyoanza 1985, na karatasi yao ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, bia inavyokaa mdomoni 5, jumla ya yote 10. Angalieni hapo. Rangi na povu alama 3, kunusa 12. Anayemimina na kumeza bila kunusa anaiacha karibu robo ya bia kwenye glasi.

Nitaendelea na baa za viwandani. Mwenye swali aweke.

---

Mdau wa London

Mkuu, somo zuri, ila nakupinga sehemu moja. Mimi bila tamasha nisingejua chochote. Great British Beer Festival ilianza 1977 pale Alexandra Palace chini ya CAMRA, chama kilichoanzishwa 1971 na wanywaji wenyewe baada ya kuona viwanda vikubwa vinaimaliza bia ya pipa. Huku hawakumiminii vijiko. Unaweza kununua theluthi ya painti, kama mililita 190. Kwa kiasi hicho bia unaijua. Tena bia yetu ya pipa inavutwa kwa mkono, haibanwi na gesi, inakuja kwenye nyuzi 11 mpaka 13, kwa hiyo pua inafanya kazi yake yote. Na bia nyepesi huku zina heshima: Timothy Taylor's Landlord, ya asilimia 4.3, imechukua ubingwa wa Uingereza mara 4. Kosa liko kwenye kipimo cha Wamarekani. Usililaumu tamasha.

---

Mleta uzi

Ndugu yangu, nimekuelewa, na hoja ya kipimo naikubali yote. Mililita 190 ni kipimo cha haki. Ila angalia kinachofuata: theluthi 10 ni karibu lita 2, kwa hiyo lazima uchague bia 7 au 8 kati ya mamia na uziache nyingine. Ukichagua hivyo, ukakaa na kila moja, umeshafanya kile ninachokitaka kwenye baa ya kiwandani. Hatuko mbali.

Hilo la joto ni kubwa, nashukuru umelileta. Marekani bia ya bomba hutolewa kwenye nyuzi 3 hivi. Kwa laga haina neno. Kwa stauti na bia nzito ni baridi mno, harufu inalala. Ukipewa stauti, izungushie viganja, iache dakika 10, kunywa kitu kingine kwanza. Ikifika nyuzi 10 au 12 utakutana na kahawa na zabibu kavu ambazo hazikuwepo mwanzo.

Hapo London, mgeni akitaka baa za viwandani umpeleke wapi?

---

Mdau wa London

Bermondsey. Chini ya matao ya reli kuna viwanda vidogo na baa zimefuatana mtaa kwa mtaa. Waliouwasha moto ni The Kernel, 2009. Jumamosi makundi ya sherehe yanajaa na hupati hata pa kuegemea, kwa hiyo mgeni wangu nampeleka siku nyingine. Umeona, hapo nakuunga mkono.

---

Mleta uzi

Naendelea. Hapa ndipo penye kiini cha uzi, vumilieni urefu.

Kwa nini bia nyepesi ndiyo ya kupimia? Kwa sababu haina pa kuficha kosa. Kwenye IPA yenye hopsi tele, au stauti yenye kimea kilichokaangwa mpaka kikawa cheusi, kasoro ndogo inafunikwa. Laga ya rangi ya majani makavu ni maji, shayiri, hopsi kiasi na hamira, basi. Kila hatua aliyoiruka mpika bia inakuja juu, na ukijua majina ya kasoro unaweza kuisoma kazi yake yote ukiwa umekaa kaunta.

Ladha ya siagi, kama bisi za sinema. Hamira inapofanya kazi hutoa kitu chenye ladha ya siagi, na ikipewa muda huimeza tena. Mpika bia mwenye haraka anapoza tangi mapema na siagi inabaki. Laga inataka kulazwa kwenye baridi wiki 4, 6, hata zaidi, na kila wiki tangi hilo halipiki bia nyingine ya kuuza. Kwa hiyo laga safi kwenye kiwanda kidogo inakwambia mwenye nyumba alikubali kusubiri fedha yake. Mimi hapo namvulia kofia mtu.

Siagi iliyochanganyika na siki ni jambo jingine. Hiyo mara nyingi ni mipira ya kupitishia bia, haijasafishwa, bakteria wameweka makazi. Mwongozo wa chama cha wapika bia wa Marekani ni kuisafisha kila wiki 2. Bia ilikuwa nzuri, njia ndiyo iliyoiharibu, kwa hiyo ukikutana nayo kwenye baa ya kawaida usimhukumu mpika bia. Ukikutana nayo kwenye baa yake mwenyewe, hilo ni lake.

Mahindi ya kuchemsha. Hiyo inatokana na kimea cheupe. Bia ikichemka kwa nguvu na mvuke ukitoka, harufu inaondoka nao. Ikichemka kivivu, au sufuria ikifunikwa, inabaki. Baadhi ya laga za Kijerumani zina kidogo sana na watu wanaipenda. Ikiwa ndiyo kitu cha kwanza unachonusa, imezidi.

Tufaa bichi: bia changa, imetolewa kabla hamira haijamaliza kazi.

Boksi lililolowa maji: hewa imeingia, au bia imekaa sana. Hii nawaonya wanaosafirisha makopo kwenye mabegi kwenda nyumbani na kuyatunza kama urithi. Laga na IPA hazitunzwi. Harufu ya hopsi inapungua ndani ya wiki chache. Kunywa.

Kicheche. Mtu aliyewahi kupitiwa na kicheche usiku anajua ninachosema. Mwanga wa jua unavunja kitu kilichotoka kwenye hopsi na kuzaa harufu ya jamii hiyo hiyo, na kwenye glasi iliyo juani haihitaji muda mrefu. Chupa ya kahawia inazuia sana, ya kijani na nyeupe hazizuii. Kwenye matamasha ya uwanjani simama kivulini wewe na kikombe chako.

Kabla ya ladha, angalieni glasi. Mapovu yaking'ang'ania ubavuni mwa glasi chini ya usawa wa bia, glasi ina mafuta au mabaki ya sabuni. Glasi safi haishiki mapovu ubavuni, na povu likishuka linaacha pete ukutani kila unapopiga funda. Omba nyingine kwa adabu, hawakatai.

Namna ya kuonja: nusa kabla povu halijashuka, mara mbili za haraka. Piga funda la kujaza ulimi. Meza. Wanaotema ni wa mvinyo. Kwenye bia uchungu unamalizikia nyuma ya ulimi na koo, ukitema hujaufikia. Kisha toa pumzi kwa puani mdomo umefungwa. Harufu nyingi utaipata hapo kuliko uliponusa glasi.

Na trei. Karibu kila baa ya kiwandani hapa inauza trei ya glasi ndogo 4 mpaka 6, kila moja aunsi 4 au 5. Ipangeni wenyewe, msimwachie mhudumu. Kilevi kidogo kwanza, kikubwa mwisho. Hopsi nyingi baada ya hopsi chache. Chachu na ya moshi mwishoni kabisa, maana ukishaipitia bia ya moshi, inayofuata yote itanuka samaki wa kukausha. Maji katikati. Mkate mtupu ni mzuri kuliko mabawa ya kuku yenye pilipili. Msipake manukato mazito siku hiyo, na wadada lipstiki yenye mafuta inaua povu.

Kwa Denver nawapa mahali pa kuanzia. Bierstadt Lagerhaus, wa tangu 2016, wanapika kwa mitungi ya shaba ya zamani iliyotoka Ujerumani, na pilsna yao inamiminwa taratibu, dakika kama 5, mpaka povu linasimama juu ya ukingo. Usimharakishe mhudumu, gesi inapungua na harufu inafunguka. Wynkoop, wa tangu 1988, ndio walioleta Denver mtindo wa baa inayopika bia yake yenyewe. Mmoja wa waanzilishi, John Hickenlooper, akawa meya, gavana, sasa seneta. Great Divide, 1994, wana stauti ya Yeti ya asilimia 9.5. Hiyo iwe ya mwisho kwenye trei. Ukiwa na siku ya ziada panda kaskazini mpaka Fort Collins, kwa Odell walioanza 1989.

---

Mdau wa Nairobi

Boss, hii imeenda shule. Huku Nairobi tuko na 254 Brewing, Bateleur na wengine, na mimi nimekuwa nikiagiza IPA kila mahali nikidhani ndiyo kipimo. Sasa nina swali la mfuko. Glasi moja ya hawa watu ni ghali kuliko Tusker ya baa ya mtaani. Marafiki wangu wananiuliza nalipia nini hasa, na sina jibu la kuwapa.

---

Mleta uzi

Kaka, wape jibu hili. Kwanza hopsi. Mmea ule unataka siku ndefu za kiangazi, unastawi zaidi kati ya latitudo 35 na 55. Kwenye ikweta saa za mchana hazibadiliki, kwa hiyo hautoi maua ya maana. Afrika tunayo sehemu inayojulikana, George kule Afrika Kusini. Mpika bia wa Nairobi au Dar anaagiza kila gramu kutoka nje na anailipia kwa dola. Pili, kimea maalumu cha rangi na ladha mara nyingi nacho kinaagizwa. Tatu, kiwanda kikubwa kinagawanya gharama zake kwa mamilioni ya chupa. Huyu anazigawanya kwa tangi moja. Na kama amelaza laga wiki 6, umemlipia na wiki hizo.

Lakini usilipie jina. Omba laga yake au bia yake ya dhahabu nyepesi. Ikiwa safi, ghali ile ina maelezo na zile nzito unaweza kuziagiza kwa imani. Ikiwa na siagi, lipa, shukuru, na mwambie faraghani. Wengi wanataka kusikia.

---

Mdau wa Moshi

Wakuu, nimesoma yote. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya mbege, bibi alikuwa anapika kwa ajili ya shughuli na kilabu. Hayo ya kimea na uchungu kwetu si mageni. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, zinachujwa, halafu unaingia uji wa kimea cha ulezi. Uchungu wake unatoka kwenye gome la msesewe. Akizidisha, kinywa kinakauka. Akipunguza, inakuwa togwa tu. Na mwenye pombe lazima aonje kwanza mbele ya wageni. Wazee wetu walikuwa wanamhukumu mpikaji kwa siku: mbege ya siku ya kwanza tamu, ya pili imekaa sawa, ikipita hapo ni ya wenye koo gumu. Je, mbege inaweza kuonjwa kwa utaratibu huo wako?

---

Mleta uzi

Mkuu, umenigusa. Inaweza, na ingefaa sana. Uliyosema yote ni kuonja kwa utaratibu: unajua uchungu unatoka wapi, unajua ukizidi mdomo unafanyaje, unajua bia inabadilika siku kwa siku. Hopsi yenyewe ni ngeni kwenye bia. Ulaya kabla ya hopsi kushika walitumia mchanganyiko wa majani ya porini kutoa uchungu, kwa hiyo msesewe ni ndugu wa kitu cha kale kabisa. Nipe nafasi ya kukaa na mpika mbege anayejua kazi, nikaonja gome kidogo, gome la kati, gome jingi, vibuyu vitatu kando kwa kando. Ningelipia trei hiyo kuliko IPA yoyote ya Denver. Natamani siku moja vijana wa Kilimanjaro waifanye: wakae na bibi zao, waandike vipimo, wageni waonje mbege yenye umri tofauti na waambiwe nani kaipika. Hao bibi ni wapika bia wenye ujuzi kamili na wanastahili kutajwa hivyo.

---

Mdau wa Dar

Samahani wakuu, mimi dada yenu uchungu siuwezi kabisa. Kila nikipewa hizi bia za kisasa uso unakunjamana. Ina maana hizi baa hazinihusu?

---

Mleta uzi

Zinakuhusu, dada. Omba bia ya ngano ya Kijerumani. Hopsi zake ni kidogo, mwili wake laini, ina ukungu kwa sababu ya hamira, na inanukia ndizi mbivu na karafuu. Hawajatia ndizi wala karafuu. Hamira ya aina ile inazitengeneza yenyewe wakati wa kuchachuka. Baada ya hiyo jaribu stauti ya maziwa. Wanatia sukari ya maziwa ambayo hamira haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Halafu bia chachu ya matunda, ambayo kwa mtu aliyekulia kwenye ukwaju na ubuyu haina ugeni wowote. Uchungu utakuja wenyewe baadaye, na usipokuja hakuna aliyekudai. Kitu kimoja: ukiwa kaunta mwambie mhudumu wazi kwamba hutaki uchungu. Anakumiminia tone la kuonja bure kabla hujanunua. Ni desturi, usione haya, ila usiombe ya bia 6.

---

Mdau wa Minnesota

Mleta uzi, ongelea na gari. Kuna vijana wetu wanaharibikiwa kwa mambo haya.

---

Mleta uzi

Asante kwa kunikumbusha, na hili nalisema kwa uzito wote. Colorado kikomo cha kuendesha ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu, lakini kuanzia 0.05 tayari kuna kosa lake. Kwa aliye na viza, kukamatwa tu kwa kuendesha umelewa kunaweza kufanya viza ifutwe, hata kabla mahakama haijaamua. Masomo, kazi, familia, vyote vinaingia hatarini kwa sababu ya vikombe vya vijiko viwili. Tamasha limekuwa likiuza tiketi za bei nafuu kwa dereva asiyekunywa. Ukumbi uko katikati ya mji, treni inapita karibu. Gari iacheni nyumbani. Na msisikilize hadithi za mwinuko: Denver iko mita 1,609, Nairobi iko juu zaidi. Kinachowaangusha watu hapa ni ile hesabu ya asilimia niliyoiweka juu.

---

Mdau wa Texas

Mkuu, mimi na mke wangu tunakuja mwaka huu. Tuna siku mbili tu, yeye hanywi sana. Tupangie.

---

Mleta uzi

Karibuni, shemeji umlete. Fanyeni hivi.

Siku ya kwanza, tamasha. Kuleni chakula kizito kabla, ugali ukipatikana ugali. Orodha ya viwanda hutoka mapema. Wekeni alama viwanda 12 msivyovijua, vya majimbo ambayo hamtafika. Nusu saa ya kwanza pitieni laga na bia za ngano pekee, ulimi ukiwa bado safi. Kisha nyingine. Mkipewa isiyowapendeza mwageni, kila meza kuna chombo cha kumwagia na hakuna anayechukia. Andikeni jina na neno moja kwenye simu: siagi, embe, rudia. Msiandike alama wala nyota. Wewe na shemeji mnaweza kutumia kikombe kimoja kwa kila bia, mnaonja idadi ileile kwa nusu ya kilevi. Ulimi ukianza kuona bia zote ni moja, tokeni, hata kama saa bado zipo.

Siku ya pili lala mpaka uchoke. Mchana, kabla ya saa tisa, twendeni wote kwenye baa mbili za viwandani, si zaidi. Bierstadt kwanza, pilsna glasi moja moja, nzima. Ya pili tutaichagua kwa ile orodha ya simu, kama kuna kiwanda cha hapa jirani mlichokiandikia "rudia". Kwa mhudumu acheni dola 1 kwa glasi au asilimia 20 ya bili. Baa nyingi hazina jiko, chakula kinatoka kwenye gari lililoegeshwa nje, kwa hiyo tuulize kabla kama siku hiyo lipo.

Na kote huko umri ni miaka 21 na mlangoni wanataka kitambulisho chenyewe. Bebeni pasipoti au leseni halisi, maana picha yake kwenye simu haipokelewi.